Niuzieni Jina, Soketi Nitaitafuta Mwenyewe

Laki nne na themanini. Ndiyo bei niliyotajiwa, kwa sauti laini kabisa, na dada aliyevaa shati lenye nembo kifuani, nyuma ya meza ya kioo, kwenye kituo cha huduma cha wakala ambaye sitamtaja. Kiganjani nilikuwa na kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kilitoka kiwandani kikiwa cheupe, sasa kimekuwa rangi ya chai ya rangi. Hicho tu ndicho kilichoungua. Mashine yangu ya kufulia ilikuwa nzima: mota nzima, pampu nzima, ngoma inazunguka, hita inasoma vizuri kwenye mita ya fundi. Kilichokufa ni soketi inayoingiza umeme kwenye bodi.

"Mama, hiyo haiuzwi peke yake. Tunabadilisha bodi nzima."

"Sawa. Basi niambie inaitwaje, nikaitafute mwenyewe."

Akacheka kidogo, wala si kwa dharau, kama mtu aliyeulizwa jina la kivuli chake. "Haina jina, mama. Ni sehemu ya bodi."

Wiki tatu sasa hasira ya neno hilo haijanitoka. Haina jina! Mtu anakutazama machoni, mwenye elimu yake na kiyoyozi chake, anakwambia kitu kilichotengenezwa kwa mashine, kwa vipimo vya sehemu ya milimita, kikahesabiwa, kikafungashwa, kikauzwa kwa maelfu, eti hakina jina. Na kiwanda kilichounda mashine yangu kilikiagizaje? Kilituma mtu sokoni akaonyeshe kwa kidole?

Jina lipo. Osaka, Japani, kuna kampuni inayoitwa JST, ilianzishwa 1957, na kazi yake ni soketi hizi hizi. Marekani kuna Molex ya tangu 1938, na chapa ya AMP iliyoanza 1941, ambayo vichwa vyake bapa vya waya, vile vya upana wa milimita 6.3, vimejaa ndani ya kila friji na kila oveni mjini hapa. Hawa wote wanachapisha vipimo vya bidhaa zao waziwazi, kwa michoro, bure. Jina linajulikana mpaka kwenye geti la kiwanda cha mashine. Linafutwa pale mashine inapobadilika kuwa mali yangu.

Mimi nauita wizi. Nimelipia mashine, nimelipia na kila kilicho ndani yake. Jina la kila kipande ni langu kama mlango ulivyo wangu na ngoma ilivyo yangu.

Fikirieni baiskeli. Babu yangu alikuwa na Phoenix, na sijawahi kumsikia akiambiwa anunue baiskeli nyingine kwa sababu ya spoki. Alimtuma mtoto dukani: gololi, spoki mbili, vali. Mtoto hajui kusoma vizuri lakini anarudi na kitu sahihi, kwa sababu jina lilikuwa limeshakaa mdomoni mwa kila mtu. Cherehani vilevile; mama yeyote mwenye Singer barazani anajua bobini na shatili, na muuza duka anajua anachoombwa. Vitu hivi vilidumu miaka hamsini katika nchi yenye vumbi na chumvi kwa sababu majina yake yalishuka kutoka kiwandani yakaingia mtaani. Mashine yangu ya kufulia, yenye taa za rangi na muziki wa kuagia nguo zikishakuwa safi, haifiki miaka minane. Bobini ilikuwa na jina. Hii ina siri.

Basi nilirudi nyumbani Temeke, nikatandika gazeti mezani. Nilikuwa na rula ya shule ya mwanangu, miwani ya kusomea, tochi ya simu, na sindano ya kushonea. Sindano ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ukiitazama soketi kwa mbele, kila tundu lina ulimi mdogo wa chuma ulionasa kwenye plastiki. Ukiuchokoa kwa ncha ya sindano, waya wote unateleza nje na kichwa chake. Kichwa hicho, jamani, ni kazi ya sonara. Kina mabawa manne: mawili yamekumbatia shaba tupu, mawili ya nyuma yamekumbatia ganda la waya ili shaba isivutwe mashine ikitetemeka. Hakuna risasi hata tone. Mbano peke yake, wa kifaa maalumu, umesukuma nyuzi za shaba na bati zikawa kama kitu kimoja, hata hewa haipiti katikati.

Waya mmoja ulikuwa hivyo, unang'aa. Wa pili ulikuwa mweusi kama utambi.

Nikahesabu matundu: matatu, la kati halina kitu. Nikapima kutoka katikati ya tundu la kwanza hadi katikati ya la mwisho, nikapata kama milimita nane. Nikaandika kwenye karatasi kwa majivuno ya mtu aliyemaliza kazi: soketi ya pini mbili, milimita nane. Nikapanda daladala ya Kariakoo.

Nilichekwa. Duka la kwanza, "hakuna kitu kama hicho, mama." La pili, wakanipa ya milimita tano. La tatu, kijana akachukua soketi yangu, akaitazama sekunde moja, akasema kwa uhakika wa kasisi, "Hii JST." Akamwaga mbele yangu lundo la soketi nyeupe za kila ukubwa. Zote JST. Nikagundua kwamba sokoni JST ni kama Omo: sabuni yoyote ya unga ni Omo, soketi yoyote nyeupe ni JST. Nyingine zilikuwa kwenye vipakiti vya nailoni vilivyoandikwa XH2.54, na hapo ndipo pana mtego ambao umeua bodi nyingi kuliko radi. Soketi ya XH ya wenyewe Wajapani ina nafasi ya milimita 2.5 kutoka pini hadi pini. Hiyo 2.54 ni nafasi ya ukoo mwingine kabisa, wa inchi, sehemu moja ya kumi ya inchi. Utasema, sehemu nne za mia za milimita ni nini? Kwa pini mbili si kitu. Lakini chukua soketi ya pini kumi: kuna nafasi tisa kati yake, na kila nafasi inadanganya kwa 0.04. Ukifika pini ya mwisho umeshapotea kwa 0.36 ya milimita, pini imesimama ukutani badala ya mlangoni. Fundi anasukuma kwa dole gumba. Ikikubali, imekubali kwa kuvunja kitu ambacho hukioni.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa televisheni, mwenye meza yake uchochoroni, miwani imefungwa kwa uzi. Hakupima. Aligeuza soketi yangu mara mbili, akasema:

"Mwanangu, nani kakwambia hii ya mbili? Hii ya tatu. Wa kati kang'olewa makusudi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Umeme wa ukutani huo, waya wa moto na wa nyutro. Hawataki wakaribiane."

Akavuta bodi ya televisheni iliyokufa kutoka chini ya meza, akanionyesha pacha wake, pale umeme unapoingilia. Matundu matatu, la kati tupu. Milimita nane zangu zilikuwa 7.92, na 7.92 ni 3.96 mara mbili. Nilipaswa kugawa kwa nafasi, na nafasi zilikuwa mbili. Ukoo huo JST wanauita VH. Ganda lake la matundu matatu ni VHR-3N. Kichwa cha chuma ni SVH-21T-P1.1. Dume lake linalosimama kwenye bodi, lile lenye pini mbili katika viti vitatu, ni B2P3-VH.

Someni tena. VHR-3N. Herufi nne na tarakimu moja. Hicho ndicho "haina jina" ya laki nne na themanini.

Nitaambiwa ni la kujifunza, kila fundi angejua. Wapi? Ndani ya mashine, pembeni ya soketi hiyo, kwenye bodi, kumeandikwa CN3, na fundi mmoja wa mtaani kwetu, kijana hodari, alinishauri niende dukani niombe CN3. Hakosi akili. Ameona maandishi, akaamini maandishi yanasema kitu. Kumbe CN3 ni namba ya kiti kwenye basi, haimtaji abiria. Kiwanda kilikuwa na wino wa kuandika namba ya kiti. Kilikuwa na wino wa kuandika uzito wa mashine, onyo la kutoweka paka ndani ya ngoma, na anwani ya ofisi yao kwa lugha saba. Wino ulikwisha pale tu jina la soketi lilipotakiwa.

Sasa tuje kwenye hoja yao kubwa, ile wanayoitoa wakiwa wamekunja mikono kifuani: usalama. Umeme ni hatari, mama. Tunaficha kwa faida yako.

Hapa ndipo damu yangu inapochemka, kwa sababu ni kinyume chake kabisa. Niambieni, mwananchi aliyeambiwa laki nne na themanini anafanya nini? Analipa? Anamwita kijana wa mtaani. Kijana hana soketi, hana jina la kuiombea, hana kifaa cha kubana. Ana meno na tepu nyeusi. Anakata soketi, anachubua waya kwa meno, anasokota, anafunga tepu, anapokea elfu kumi. Mashine inawaka, watu wanapiga makofi. Nimewahi kupiga makofi hayo mwenyewe.

Halafu hesabu inaanza kufanya kazi usiku. Hita ya mashine ya mlango wa mbele ni kama wati 2000. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni karibu ampea 8.7. Mpaka hapo hakuna tatizo. VH imepewa hadi ampea 10, kwa waya mnene. Lakini kiungo kilicholegea, kilichopata kutu ya hewa ya pwani, kikafikisha ukinzani wa nusu omu tu, kinazalisha joto la wati 38 mahali pale pale, ndani ya kitu cha ukubwa wa njegere. Chuma cha kuchomelea risasi, kile kinachoyeyusha madini mbele ya macho yako kwenye meza ya fundi, kina nguvu hiyo hiyo. Umefungia chuma cha kuchomelea ndani ya tepu ya plastiki, nyuma ya ukuta wa plastiki, ukaenda kulala. Kidogo kidogo unaanza kusikia harufu kama ya samaki jikoni na huna samaki.

Usiku wa 14 Juni 2017, ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell jijini London, moto ulianzia kwenye friji la jikoni la mpangaji. Mtaalamu wa umeme aliyeitwa na tume ya uchunguzi, Dkt Duncan Glover, alielekeza kidole kwenye kiungo cha waya kisichobanwa sawasawa, upande wa kompresa. Tume ilikubali kuwa chanzo ni hitilafu ya umeme ya friji, bila kufika hadi kuthibitisha hitilafu yenyewe, na kilichoua watu 72 ni hasa ufuniko wa kuta za nje ulioupandisha moto hadi kileleni. Lakini nataka mwenye kuficha majina kwa ajili ya usalama wangu akae na picha hiyo kidogo. Ikiwa kichwa cha waya kilichobanwa kiwandani kinaweza kushukiwa hivyo, msokoto wa meno na tepu una uzito gani? Na nani aliyemfikisha yule kijana kwenye msokoto? Ni yeye aliyeshika waya, au ni aliyemnyima soketi?

Hoja yao ya pili ni nyepesi, nitaipita haraka: hawawezi kuweka stoo vitu vidogo vidogo namna hii. Sikuomba stoo. Niliomba jina. Jina halihitaji rafu wala kodi ya bandari.

Huko Ulaya wameanza kuona aibu. Tangu 1 Machi 2021, kanuni ya Umoja wa Ulaya inamlazimu mtengenezaji wa mashine za kufulia kuwa na vipuri kwa miaka isiyopungua 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni, kuvifikisha ndani ya siku 15 za kazi, na kumpa fundi anayetambulika michoro ya nyaya na viungo. Ufaransa mwaka huo huo ilianza kubandika alama kwenye bidhaa, ngapi juu ya kumi, inayoonyesha urahisi wa kutengenezeka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukaongeza agizo la haki ya kutengeneza. Vizuri, nawapongeza. Lakini isomeni orodha yenyewe ya vipuri katika kanuni ile ya 2021: mota, pampu, ngoma, hita, bodi, vioo vya maandishi, kufuli la mlango. Soketi haimo. Hata wao wamekulazimisha ununue bodi, ila wanakuahidi bodi itakuwepo. Na sisi tunaoletewa mashine hizo hizo, pamoja na kuukuu zinazoshuka bandarini zikiwa zimeshafua nguo za Hamburg miaka kumi, tunabaki na karatasi ya waranti ya mwaka mmoja, yenye masharti marefu kuliko waranti yenyewe.

Hizo za Kijerumani, kwa njia, zina uungwana mmoja wa kupendeza, ambao kwa kutojulikana hapa unageuka balaa. Soketi zake ni za mfumo wa RAST, 2.5 au 5, na namba hizo ni milimita kati ya pini na pini. Kila soketi ina vijino pembeni, vingine vimekatwa vingine vimeachwa, kwa mpangilio ambao soketi ya pampu haiwezi kuingia kwenye kiti cha hita hata ukilazimisha. Ni funguo. Nimemwona fundi akivinyoa vijino hivyo kwa wembe kwa sababu soketi aliyopata "inagoma kuingia kidogo." Iliingia. Sikukaa kuona kilichofuata. Lawama si yake peke yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kugoma kule ndiko kulikuwa kazi ya soketi.

Kwa hiyo nasema na TBS, wakaguzi wetu wa viwango, ambao mashine hizi zinapita mbele yao kabla ya kufika dukani. Mnakagua plagi ya ukutani, ina fyuzi ya ampea 13 au haina. Safi. Fungueni na mfuniko wa nyuma basi. Dai langu halina gharama ya kuvunja mtu mgongo: karatasi moja, ibandikwe ndani ya mfuniko, yenye mchoro wa waya na jina la kila soketi, la ganda na la kichwa cha chuma. Msiniambie haiwezekani. Redio nyingi za zamani za valvu zilikuwa na mchoro wake umebandikwa ndani ya sanduku, na baadhi ya waliozinunua hawakuwa na umeme nyumbani, walitumia betri. Waliheshimiwa kuliko mimi.

Na ninyi wenye maduka ya vipuri Kariakoo, na wenzenu wa barabara ya Luthuli kule Nairobi: acheni kuandika 2.54 juu ya 2.5. Nunueni kalipa moja, iwekeni mezani, mpime mbele ya mteja. Mnapoteza wateja kwa kuwauzia kitu kinachokaribia kuingia.

Yangu imepona. Mzee wa uchochoroni aling'oa dume zima kwenye mzoga wa televisheni akalihamishia kwenye bodi yangu, kwa kuwa pini za zamani nazo zilikuwa zimeiva. Ganda la televisheni tulilichukua, lakini waya zake aliziweka kando, nyembamba mno kwa hita. Akakata waya wangu mweusi, akachubua, akakuta shaba bado nyeusi, akakata tena, na tena, mpaka shaba ikang'aa kama hereni. Akatoa vichwa viwili vipya kwenye kopo la maziwa, akavibana kwa koleo lake maalumu, akavuta kila waya kwa nguvu kuujaribu, kisha akavisukuma kwenye ganda. Vikalia "ka", "ka". Alinitoza elfu kumi na tano na akaomba radhi kwamba ni nyingi.

Jioni, kabla ya kufunga mfuniko, nilichukua kalamu ya wino mzito ya mwanangu nikaandika upande wa ndani, kwa herufi kubwa: UMEME WA KUINGIA: VHR-3N, KICHWA SVH-21T-P1.1, TUNDU LA KATI LIACHE TUPU. Nikaongeza mwaka. Nikarudisha skrubu nane. Moja ilibaki mkononi, fupi, yenye kichwa bapa, na mpaka leo ipo kwenye kikombe juu ya kabati. Sijui ni ya wapi, na sitamuuliza yule dada.